Misonobari Miwili Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi. Kitale.

Kujaza udongo kwenye viriba vya miche asubuhi nzima. Mgongo umegoma. Mama kapiga simu kutoka Kabuchai, paa linavuja tena. Nimemwambia Jumamosi tunaangusha ile misonobari miwili nyuma ya jiko, tupasue mbao. Fundi wa pawasoo nimeshampata. Mama amekataa. Ati ni miti ya Mungu, iliota yenyewe kabla sijazaliwa. Mimi ndiye kifungua mimba, baba hayuko, uamuzi ni wangu. Nimekata simu kwa hasira.

Jumanne, 4 Machi

Krismasi iliyopita nilibeba kitawi na koni za ile miti, nioteshe mbegu. Leo nimemwonyesha Mama Njeri, mwenye kitalu. Majani yake ni sindano tatu tatu, ndefu, zinaning'inia. Pinus patula, msonobari wa Meksiko. Akageuza koni, akatazama kikonyo. Kirefu. Kumbe ni ile aina ya kusini mwa Meksiko, si hii ya kawaida tunayouza. Nikamwambia kwetu iliota yenyewe. Amecheka hadi akashika meza.

"Kabuchai, kwa miwa? Bana, Kenya hii hakuna msonobari wa asili. Hata ya mlimani yote ilipandwa na mtu."

Na kijijini hakuna mwingine wa kuangusha mbegu. Kwa hivyo Mama amenidanganya. Mama! Kiongozi wa akina mama kanisani!

Jumatano, 5 Machi

Sina hamu ya kazi. Anayetaka mbao hupanda safu nzima. Mbona miwili tu?

Ijumaa, 7 Machi. Kabuchai.

Nimemwuliza kabla hata sijaketi. Nani aliipanda? Ameacha kuchambua mboga.

"Ni baba yako. Ile siku tuliwazika."

Kuwazika nani? Mapacha. Wasichana. Waliishi wiki moja. Baba alikuwa kibarua wa kupanda miti Mlima Elgon, akashuka na miche miwili, kila mtoto mche wake. Halafu nikazaliwa mimi.

Miaka arobaini naitwa Petro tu. Nilidhani ni ulokole wa Mama. Kumbe jina la kwetu ninalo. Khisa, anayefuata mapacha. Mama alilificha kwa sababu kila anayelisikia huuliza mapacha wako wapi.

Mimi si kifungua mimba. Nina dada wawili, na nimewaitia mtu wa msumeno. Anakuja kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi alikuja na mashine yake. Nimemrudisha. Amelalamikia petroli njia nzima hadi barabarani, na ana haki.

Nimepanda juu ya paa, nikatandaza nailoni, nikaikandamiza kwa mawe. Itatusukuma kidogo. Mama alinishikia ngazi.

Jioni nilikuwa nyuma ya jiko, nimesimama tu. Akaita kutoka mlangoni.

"Khisa, ugali unapoa."

Nilichelewa kuitika. Sijalizoea.