Neno Nililolidarizi

3 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Unakula? Mimi mzima, ila ninaogopa, na kwa kuwa sijazoea, ninaogopa vibaya.

Ule uvimbe wa titi na ule wa kwapani, hospitalini walikata kipande kila mmoja, wakavipima. Daktari akataka nirudi na ndugu ndipo aseme majibu. Nikaona jibu linalosubiri ndugu si jibu zuri. Nikadai karatasi yangu ya majibu, nikaondoka.

Fundi viatu anayeniandikia hajui Kiingereza, na mwandiko wake unauona, kama kuku kakanyaga wino. Kaliandika hata hilo, mjinga huyu! Basi neno moja nimelidarizi mwenyewe kitambaani, herufi kwa herufi, ninavyonakili maua ya mashuka. Niambie maana. Usinibembeleze.

Bibi yako

14 Machi

Bibi kipenzi,

Shikamoo. Kitambaa kimenifikia kazini maktabani, nimelia mbele ya wasomaji. Umedarizi *benign*. Asili yake Kilatini: aliyezaliwa mwema. Huitwa hivyo mtu mpole, hata hali ya hewa isiyo kali. Madaktari hulitumia kwa uvimbe usiosambaa, usioua. Ni zuri, Bibi!

Ila lina mwenzake mbaya, *malignant*. Linaanza na M, kama vilima viwili vilivyoshikana. Hilo ni la uvimbe unaosambaa. Vipande vilikuwa viwili. Cha pili kimeandikwaje?

Mjukuu wako

6 Aprili

Bibi, shikamoo. Wiki tatu kimya. Nitukane ukitaka, ila nijibu.

Mjukuu wako

2 Mei

Mjukuu wangu,

Salamu zako zote nimezipata. Ninakula, ninatembea, usingizi sina.

Fundi aliposoma "aliyezaliwa mwema" nilicheka, nikamwambia, umesikia, hata uvimbe wangu una malezi. Akafika kwenye vilima. Nikamfukuza, na duka ni lake.

Neno la pili nililiona tangu siku ile. Refu, limekaa kando ya mchoro wa titi, kama lile fupi kando ya kwapa. Nikaliruka, nikakutumia fupi, nikijidanganya kwamba nisipolishona halipo.

Juzi nimejaribu. Nimeshona vilima viwili, kisha herufi ya duara, kisha kijiti kimesimama wima. Hapo mikono ikakataa. Mikono hii imedarizi mashuka ya maharusi miaka arobaini, haijawahi kunikatalia.

Nakutumia karatasi yenyewe. Najua utakachokisoma, na wewe unajua. Usinijibu kwa barua, mama. Njoo unishike mkono twende kwa huyo daktari, maana peke yangu nitafika mlangoni nigeuke.

Bibi yako