Moto wa Ekzosi na Redio ya Mama Mkwe

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Naanza na hiyo, kwa sababu siku ya kwanza nilipoingia kihambani kwako Marangu, kwenye shamba lako la migomba, nilisema "habari za hapa," nawe ukaniangalia kama mbuzi aliyekata kamba.

Unaukumbuka mtambo wa kuponda kokoto, pale ng'ambo ya mfereji wako? Mimi ndiye niliyekuwa nauendesha, na ndiye niliyekuja kumposa Anna wako. Ulinipa mtori wa ndizi, ukaningoja nishibe, kisha ukasema taratibu, "Mwanangu, ile si kazi. Ile ni kelele."

Nikaiona redio yako kabatini, kimya, betri zimekwisha. Ulizoea kusikiliza matangazo ya vifo kila jioni, ujue nani wa kuzikwa. Na mimi injini yangu ilikuwa inakula dizeli kutwa, sehemu kubwa ikitoka kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, kuwa joto la bure. Nikafunga vibati fulani kwenye bomba lile: upande mmoja ukichomwa na moto wa injini, wa pili ukipozwa na maji ya mfereji, vinatoa umeme. Mdogo, lakini umeme. Nikavuta waya mpaka barazani kwako.

Redio ikawaka. Ukainama, ukatega sikio, mtambo unanguruma ng'ambo.

"Naona taa yake," ukasema. "Inasema nini?"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ili redio isikike, sharti injini inyamaze. Na injini ikinyamaza, umeme hakuna. Wiki iliyofuata nikaleta betri ya pikipiki. Mchana ikajazwa na moto wa ekzosi, jioni ukasikiliza kwa raha zako. Posa ikakubaliwa, nami nikatembea kifua mbele miaka yote hii.

Siku hizi tunaishi mjini, mtaa wa Soweto, umeme uko ukutani. Bado nikipita karibu na katapila linalonguruma, mikono inaniwasha. Nakukumbuka.

Majuzi tulipokuja kufagia kaburi lako, ndipo Anna akanieleza ulichomwambia jioni ile redio haisikiki, kabla sijaleta betri:

"Olewa naye. Mwanamume anayeona uchungu kutupa hata moto wa ekzosi, wewe hatakutupa."

Kumbe nilikubaliwa siku niliyoumbuka. Ungeniambia, Mama, nisingehangaika na ile betri. Nadhani ndiyo maana ukanyamaza.

Pumzika. Anna yupo, simtupi.

Mkweo, mzaliwa wa Bomang'ombe