Yusra Yuko Kwenye Mashine

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Korogwe. Yusra kaondoka saa nne asubuhi na gari la wagonjwa, kwenda Dar. Mumewe Zaidi yuko naye. Moyo umetanuka, umechoka — ule ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Mdogo wangu. Miaka ishirini na tatu.

Wiki mbili zilizopita alinipigia. Eti akilala chali anakosa pumzi, analalia mito mitatu, miguu imejaa. Nikamwambia ni uchovu wa uzazi, ale vizuri. Mimi, muuguzi wa miaka kumi na moja! Angekuwa mgonjwa wa wodini kwangu ningemwita daktari palepale.

Mtoto nimebaki naye, Shamimu, wiki sita. Kesho nampeleka Kwamsisi kwa Mama.

Jumatatu, 8 Septemba

Saa tatu asubuhi Zaidi kapiga, analia. "Shemeji, moyo umesimama! Umesimama—" Simu ikakatika. Huku mtandao ni wa kubahatisha.

Mama alikuwa anachambua mbaazi. Alipiga ukelele, majirani wakajaa uani. Mjomba Mdoe, kaka yake Mama, hakungoja neno la pili. Akatuma watu na majembe. Kufika adhuhuri kaburi lilikuwa tayari, nyuma ya mihogo, karibu na la Baba.

Saa tisa ndipo nikampata Zaidi. Hajafa! Moyo ulisimama kweli. Walimkandamiza kifua karibu dakika arobaini, haukurudi, wakamuunga kwenye mashine. Sasa mashine ndiyo inasukuma damu, ndiyo inafanya kazi ya mapafu. Niliwaeleza watu uani mara tatu. Wengine waliendelea kulia tu.

Nimekandamiza vifua vingi. Dakika ishirini, thelathini, mikono inakufa ganzi, daktari anatazama saa. Kwetu hapo ndiyo mwisho. Kinachokuja baada ya hapo sijawahi kukiona.

Jumanne, 9 Septemba

Mama kaniketisha.

"Maryamu, moyo wake unapiga?"

"Haupigi, Mama. Unatikisika kidogo tu."

"Anapumua?"

"Mashine."

"Sasa yuko hai au hayuko?"

Nikamweleza. Kuna bomba limeingia kwenye nyonga, linatoa damu. Mashine inaitia hewa, bomba jingine linairudisha mwilini. Ni kuupa moyo nafasi upumzike. Yuko hai.

"Na roho yake saa hizi iko wapi?"

Chuoni hatukufundishwa hilo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeongea na daktari mwenyewe, Dokta Raymond. Mpole, anaeleza taratibu. Mboni zinaitikia mwanga — vizuri. Figo zinasuasua. Damu inavuja pale mabomba yalipoingia. Kasema mashine ni ya siku tano, sita tu, kadiri siku zinavyozidi yenyewe inaanza kumdhuru.

Hilo la mwisho sikumwambia Mama.

Alhamisi, 11 Septemba

Kaburi liko wazi siku ya nne. Mjomba anasema haliwezi kufukiwa tupu, tuzike mgomba mahali pa maiti. Imamu kasema jambo hilo halimo kwenye dini, fukieni tu muendelee na dua. Mjomba akachukia. Basi tungoje, akasema, tusije tukachimba mara mbili.

Kasema hivyo mbele ya Mama!

Mama akanipa mtoto, akachukua jembe, akaenda. Tukamfuata. Kanga kaifunga kiunoni, anavuta udongo peke yake, mwanamke wa miaka sitini na nne. Mjomba akamwambia, dada, acha. Mama hata hakugeuka.

"Mwanangu ana joto," akasema. "Zaidi kamshika mkono. Una joto."

Tulisimama tu kama miti. Kisha Chausiku, jirani, akaenda kuchukua jembe lake. Wakafukia wawili, mpaka udongo ukawa sawa na ardhi. Mjomba alishaondoka. Na mimi, na mtoto begani, nilikuwa nawaza figo. Aibu.

Ijumaa, 12 Septemba

AMEFUNGUA MACHO! Zaidi kamwambia abane kidole, akabana. Haongei, ana bomba kooni. Mama kasujudu palepale uani.

Moyo wenyewe bado. Macho yanaona na moyo haupigi sawasawa — nashindwa hata kuliandika.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwambia Mama. Alikuwa anamwogesha Shamimu kwenye beseni. Nikasema yote, ile simu, mito mitatu, uchovu wa uzazi. Nilitaka anigombeze.

Akaendelea kummwagia mtoto maji. Kisha akasema, "Alinipigia na mimi. Nikamwambia anywe uji wa pilipili manga."

Akamfunga mtoto kwenye kanga.

Jumapili, 14 Septemba

Saa mbili asubuhi wamepunguza mashine, kuona kama moyo utajibeba. Umejibeba dakika kumi na moja. Kisha presha ikaporomoka, wakaiongeza mashine tena.

Dokta Raymond kapiga saa nne. Kesho watajaribu tena, na itakuwa mara ya mwisho, kwa sababu damu inazidi kuvuja na mguu mmoja umeanza kupoa. Wakitoa mabomba, moyo ukigoma, je, familia inataka wamkandamize tena kifua? Au wamwache apumzike? Zaidi kaulizwa, kashindwa, kasema aulizwe shemeji, ndiye anayejua mambo haya.

Nikaomba nusu saa.

Nikamweleza Mama yote, safari hii bila kuficha. Hata la mguu. Yusra mwenyewe anaelewa? akauliza. Anaelewa, Mama. Yuko macho. Na kaulizwa? Sijui. Sikufikiria kuuliza! Nimemtumia Zaidi ujumbe, haujafika.

Mama kakaa mkekani, mtoto kifuani kwake. Akaniuliza:

"Angekuwa mgonjwa wa wodini kwako, si ndugu yako. Ndugu zake wakuulize wewe. Ungewaambia nini?"

Najua ningewaambia nini. Nimeshawaambia wengi: mwacheni apumzike.

Dakika kumi na nane zimepita. Mama anasubiri. Nimechukua daftari hili ili nisimtazame usoni, na bado ananitazama.