Safari ya Lomé niliyoiita Bafwasende

Jumatano. Mvua imeshika tangu alfajiri na mtaa wetu wote wa Kabondo ni matope. Mkono unauma pale ilipoingia sindano.

Naogopa. Nimeona niliandike neno hilo kwanza, maana siku hizi zote nimekuwa nikiliita uchovu.

Mdogo wangu Clarisse yuko Lomé, nchini Togo, kwa mume wake. Ana mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Daktari amemwambia alale tu mpaka ajifungue, na kujifungua kwenyewe ni mwezi ujao. Mama yetu hayupo tena, kwa hiyo Clarisse ameniomba mimi niwe kando ya kitanda chake siku hiyo. Nilikubali kabla ya kukumbuka kwamba sijawahi kupanda ndege, hata ya kwenda Kinshasa.

Safari hii sikumwambia mtu. Sisi hapa tunajuana: mtu anatoka na begi, majirani wanaambiwa amekwenda shambani, kisha picha yake inatokea kwenye simu akiwa Ulaya ndani ya koti. Tonton Gaby, ndugu yake baba, ndiye aliyefanya kinyume. Aliitangaza safari yake, akanunulia watu bia, mtaa mzima ukamuaga, halafu akanyimwa viza. Mpaka leo watoto wanamuuliza ndege inaondoka lini.

Lakini siogopi kuchekwa tu. Mimi ni mwalimu, nasali kila Jumapili, naimba kwaya, na bado naogopa macho ya watu na midomo yao. Zile mimba mbili za Clarisse, mimi ndiye niliyezitangaza mapema kwa furaha. Najua hakuna uhusiano. Najua, na bado.

Kwa hiyo mashauri yote ya safari nimeyapata kwa Clarisse peke yake, kwa sauti za WhatsApp ninazozisikiliza nikiwa nimejifungia chooni. Anasema karatasi za kuingia Togo zinaombwa kwenye mtandao kabla ya kusafiri, na mume wake anazishughulikia. Dola zangu hazitanifaa sokoni. Kule ni faranga za CFA, nibadilishe kidogo kidogo na nitunze sarafu za kulipia pikipiki. Bei ya pikipiki ikubaliwe kabla sijakaa juu yake. Nisalimie kwanza, niulize habari za nyumbani, ndipo niseme ninachotaka, na niwe natoa na kupokea kwa mkono wa kulia. Nisiseme septante kwa sabini wala nonante kwa tisini, maana Kifaransa chao hakihesabu hivyo na muuza nyanya atanitolea macho. Anataka nimletee mbinzo, vile viwavi vyetu vilivyokaushwa, amevitamani tangu mimba ianze. Na baharini nisiingie hata nikiona kumetulia. Hapo aliniita yaya, dada mkubwa, akacheka kidogo.

"Yaya, weye unajizania unajua mayi. Mayi ya huku haiko sawa na ya mutoni Tshopo. Inavutaka batu."

Yote nimeyashika. Lile lililo kubwa kuliko yote ndilo nililoliharibu.

Ni carte jaune, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Bila kadi hiyo huruhusiwi kuingia. Wiki iliyopita nilikwenda kituo cha chanjo, nikakuta kwenye benchi wamekaa mama wawili wa kwaya yetu. Muuguzi akaniuliza kwa sauti ya kuwafikia hata walio barabarani: "Mama, unasafiri wapi?"

"Bafwasende," nikasema.

Jina la mji huo wa msituni, wa hapa hapa nchini, lilitoka lenyewe. Muuguzi akanitazama kwa huruma. "Bafwasende haiombake carte jaune, Mama. Weye panda tu pikipiki, enda." Mama wa kwaya wakaniombea barabara njema, mmoja akanituma nimsalimie shemeji yake aliyeko huko. Nikatoka bila sindano, bila kadi, nikijiona mjanja kwa sababu siri yangu ilikuwa imepona. Nilijiambia nitarudi siku benchi likiwa tupu.

Sikurudi.

Jana Clarisse akaniomba picha ya kadi. Kadi sikuwa nayo. Hapa mtaani mtu anayeijua Lomé ni mmoja tu: Mama Odette, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akileta vitenge kutoka kule. Ndiye pia mwenye mdomo ninaouogopa kuliko mingine yote. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana iko mtaa wa Mangobo.

Leo nilikwenda kwake na mvua yangu kichwani. Nikaanza kuzunguka: kuna rafiki, yaani dada wa rafiki, anaulizauliza mambo ya Togo.

"Fifi, acha kunizungusha," akasema. "Tangu niliona unapakia mbinzo mingi hivi, njo nilijua. Nani anapelekaka mbinzo Bafwasende? Kule iko mingi kupita hapa."

Nilicheka, kisha nikalia. Nikamwambia yote, mpaka kadi. Uso wake ukabadilika. Akanieleza kwamba sindano hiyo haihesabiwi siku unayochomwa. Kadi inakubaliwa baada ya siku kumi. Ndege yangu ilikuwa Jumamosi hii.

Halafu, yeye anayesema kila kitu, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

"Safari yangu ya kwanza, mi pia nilifichaka. Nilisema niko naenda Bengamisa kutafuta muhogo. Bon, kule Lomé homa ikanikamata, telefone ikapotea, hakuna mutu alijua jina yangu. Alors mama yangu akatuma batu banitafute. Balinitafuta Bengamisa, Fifi. Nyumba kwa nyumba. Mi niko nalala Lomé."

Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyemuuguza. Alipopona na kurudi, alimkuta mama yake ameshavaa nguo za matanga.

Alichukua mwavuli, akanishika mkono, tukaenda kituoni. Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi ni yule yule. Kabla sijafungua mdomo, Mama Odette alijibu kwa niaba yangu, kwa sauti: "Anaenda Lomé! Ku Togo! Mudogo yake anataka kuzaa!" Watu wote wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mmoja nisiyemjua akasema, "Mungu amusaidie," na sindano ikaingia.

Shemeji amesogeza tiketi wiki mbili mbele. Clarisse anasema atanisubiri, kana kwamba mtoto husikiliza. Naogopa nitachelewa. Naogopa kufika na kukuta kilio cha tatu. Naogopa ile saa ndege itakapoacha ardhi ya uwanja wa Bangboka na chini kubaki msitu mtupu. Mama Odette hakuniondolea hofu hata moja. Ameniongezea nyingine: watu wangu wakipita nyumba kwa nyumba, wakiita jina langu mahali ambapo sipo.

Nimeshalifuta andiko hili na kuliandika upya. Blogu hii inasomwa na wanafunzi wangu wa zamani, na kwaya yote, na Tonton Gaby, ambaye najua atacheka wa kwanza. Kidole kiko juu ya kitufe.

Basi someni. Mimi Fifi wa Kabondo naenda Lomé, kwa mdogo wangu Clarisse. Anwani ya nyumba anayo Mama Odette.

Nikikaa kimya, msinitafute Bafwasende.