Methali Inasema Ziba

8 Machi

Mdogo wangu,

U hali gani, na hicho kifua kinachokohoa kama pikipiki mbovu? Sisi wazima, cherehani inalia tu.

Nianze na haki yako. Tangu wakupe ukubwa wa askari wa jiji, mtaa umerudi kuwa mtaa. Taa haziibwi, ukuta wa kiwanda changu cha kushonea haukojolewi, wateja waliohama wanarudi kupima nguo. Nilikuwa natembea na mkasi mkononi. Sasa natembea na mwavuli.

Lakini jana vijana wako wamemzoa Babu Kiraka, fundi viatu wa mlangoni kwangu. Kosa lake: kukaa njiani. Mwachie.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Kifua kinaendelea. Wapwa zangu hawajambo?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ndiye uliyenifundisha. Tulimpuuza anayekaa njiani, akaja anayeuza njiani, mwishowe anayepora njiani. Nikimwachia fundi wako, kesho kila mtu atakuwa na dada. Sheria ni msumeno.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wapwa zako hawajambo, mimi ni mzima nusu.

Babu Kiraka alijua kila kiatu kinachopita, na mwenye kiatu. Nani angethubutu mbele yake? Mlango ulipobaki mtupu, wamevunja kioo changu na kubeba cherehani. Askari wako walikuja, wakaandika, wakaenda. Dirisha nimeliziba kwa boksi. Taa ya kona nayo imeondoka tena.

Wewe bingwa wa methali, isome vizuri: inasema ziba. Haikusema kamata! Na huo msumeno, si hukata mbele na nyuma? Ukija kula kwangu gari unaliweka wapi? Njiani, bwana mkubwa. Na aliyekulindia ni Babu Kiraka.

Nafunga mizigo. Mwezi ukiisha kimya, nahama kama wenzangu.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usihame.

Fundi wako ametoka leo. Nilimpa lifti, akakataa; anasema garini haoni viatu vya watu. Cherehani hatujaipata. Kioo nitakileta mwenyewe Jumamosi, kwa miguu. Nitumie kipimo cha dirisha.

Mdogo wako

23 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kifunike, njia ni ndefu kwa aliyezoea gari.

Mizigo sijaifungua, wala sijaongeza kamba. Babu Kiraka amekaa pale pale, njiani. Kipimo sikutumii. Njoo upime mwenyewe, wezi walibeba cherehani, futi waliiacha.

Dada yako