Sahani ya Kwanza

Katwe, Kampala

Baba Mdogo Elisée,

Hapa hatujambo. Mwanangu Victoire ameanza kuota meno, analia kutwa.

Uliniuliza kama bosi wetu Mchina ni mkomunisti kweli. Mwenyewe anasema ndiyo, ila kwao maana yake ni nidhamu: watu wachape kazi, nchi itajirike. Mwenzangu Okwir, ambaye baba yake alisomea Bulgaria, anasema kule ilikuwa foleni ya mkate na matibabu ya bure. Mimi nikawaeleza ya kwenu, mlipokuwa wapiganaji kule milimani Fizi: aliyeumia anapakuliwa chakula kwanza. Wenzangu waliipenda hiyo. Karakana nzima tukawa tunakula hivyo.

Jumatatu mashine ilimponda Okwir mkono. Wenzangu wakagoma mpaka bosi agharimie matibabu yake. Bosi akauliza nani atawasha mashine. Niliwasha mimi, Baba. Sasa ndimi msimamizi wao.

Okwir amelazwa hospitali ya Nsambya. Sijaenda kumwona.

Leo mchana wenzangu walinipakulia mimi kwanza, sahani imejaa. Nikala.

Tafadhali, huko nyumbani usimwambie mtu kwamba ni wewe uliyenifundisha.

Mwanao,
Barnabé