Rotule Iliyokataa Kukazwa

Lubumbashi, Hewa Bora, mwezi wa tisa

Yaya Brigitte, dada yangu mkubwa mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Adrien, na hasa huyo mtoto wenu ambaye mpaka leo tunamjua kwa picha tu. Ananyonya vizuri? Kile kikohozi kimeisha? Sisi huku tunaendelea. Mke wangu Lydie anakusalimu sana, watoto wamerudi shuleni, na Elisée ameota yale meno ya mbele tuliyokuwa tunayangoja. Joto limeanza kuchoma, vumbi ni lile lile, umeme unakuja unapotaka. Baba naye yupo. Habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, na nitafika huko.

Usishangae kupata karatasi siku hizi za telefone. Kwenye telefone unanikata maneno kabla sijafika katikati, na nikikupigia Baba huwa amekaa pale pale, masikio wazi. Barua hii nampa Mama Annie, anayekuja huko Mitwaba kununua maharagi, na nimemwambia akutie mkononi wewe mwenyewe. Nimejitahidi kuandika Kiswahili cha kanisa, maana wewe ni mwalimu, usije ukanirudishia barua ina wino mwekundu.

Kwanza nijibu matusi yako. Mara ya mwisho ulisema mimi ni fundi wa magari ya watu wote isipokuwa gari ya baba yangu. Ulisema Baba aliahidi kuja kumwona majina wake, huyo mtoto mliyempa jina lake, kabla mvua haijaharibu njia, na kwamba asipofika, kosa litakuwa langu. Maneno yale yaliniuma, Yaya. Niliweka telefone chini nikaenda kukaa nje peke yangu. Najua ulivyoona fahari kumpa mtoto jina la Baba, Kabwe. Najua pia kwamba Baba ametangazia avenue nzima, mtaa wetu wote, kuwa ataendesha mwenyewe hadi Mitwaba, yeye aliyeshika malori ya mgodi tangu ujana wake, wala hataki kusikia habari ya kupakiwa na mtu kama gunia la mihogo.

Basi sikia jinsi mambo yalivyokwenda. Wakati wa baridi Baba alikwaruza gari kwenye nguzo ya lango letu, upande wa kuume. Tukasema ni bahati mbaya. Baadaye kidogo, kwenye barabara ya kwenda Kasapa, alimsukuma mtaroni mtu wa makala, muuza makaa ya kupikia, na baiskeli yake. Yule mtu alisimama mzima, tunamshukuru Mungu, ila makala yote yalimwagika barabarani na Baba akarudi nyumbani amekasirika vibaya. Akasema usukani unavuta kuume, rotule zimekufa, nifungue kila kitu nibadilishe. Nilimwambia nimeipima gari na sioni inapovuta. Akaniuliza nani kati yetu alianza kuendesha kabla mwenzake hajazaliwa. Wewe unamjua Baba. Nilifungua.

Nikueleze kidogo, kwa sababu kisa chote kiko hapo. Rotule ni kile kifundo kinachounganisha vyuma vya usukani na gurudumu. Ndani kuna mpira wa chuma unaogeuka kila upande, na juu yake umetoka mkia, mnene chini, mwembamba juu. Ule mkia unaingia kwenye tundu la mkono wa gurudumu, halafu unaufunga kwa ekru, yaani nati. Ukikaza, tundu linatakiwa kuubana mkia usigeuke tena. Usipobanwa, unazunguka pamoja na ekru, na hapo unaweza kukaza mpaka Krismasi. Dawa yake kila fundi anaijua. Unaweka kriki, ile jeki ya kuinulia gari, chini ya rotule, unapandisha mpaka uzito wa gari uusukume mkia ndani ya tundu, unaanza na ekru ya zamani iliyo laini, na mkia ukishabanwa unaitoa na kuweka ile mpya ngumu.

Nilifanya yote hayo, Yaya. Kila jioni nikitoka garaje nilijitupa chini ya gari ya Baba, na kila jioni rotule ya kuume ilizunguka tu. Nikiangalia mkia naona una grisi. Naufuta, naurudisha, unazunguka. Kesho yake nikirudi, grisi tena. Nikasema hizi rotule mpya ni takataka, zinavuja. Nikaenda kugombana na yule aliyeniuzia mpaka akanibadilishia. Zile nyingine nazo zikazunguka. Wakati huo wote Baba amekaa kwenye kiti chake karibu na ukuta, ananipa pole, ananiambia nisiharakishe, kazi ya usukani haitaki haraka. Nilimwona ni mzee mwenye huruma.

Aibu ilinipata siku Mukuka alipopita. Unamkumbuka Mukuka, tulijifunza ufundi pamoja. Alicheka mpaka akashika kiuno, akasema kumbe fundi wa Hewa Bora anashindwa na ekru moja. Halafu akaniuliza kama nimeingiza kidole kwenye tundu lenyewe. Sikuwa nimeingiza. Nilikuwa nafuta mkia tu, basi. Niliingiza kidole, kikatoka cheusi mpaka kwenye ukucha. Lile tundu lilikuwa limepakwa grisi nzito ndani pote, kama mkate unavyopakwa siagi. Kwa grisi ile mkia usingebanwa hata kwa kriki ya lori.

Nilipandwa na hasira. Nilimlaumu Lydie kwanza, kwamba amechukua kopo langu la grisi kupaka bawaba za mlango na watoto wamechezea. Lydie aliniacha akaingia ndani kusonga bukari, ugali wetu, na hakunisemesha tena siku ile. Sikufikiria mtu mwingine, kwa sababu nani mwingine alikuwa nyumbani mchana? Baba, na Baba hawezi kuhesabiwa. Jumamosi niliosha tundu kwa esanse, petroli ya gari, nikalikausha kwa kitambaa safi, nikapandisha kriki, nikakaza. Ikashika, Yaya! Ikashika hata ufunguo wa kukazia ukalia. Niliruka nikamwambia Baba kesho baada ya misa atatoka nayo mwenyewe, na wiki itakayofuata yuko Mitwaba. Alisema vizuri, mwanangu. Akaingia ndani mapema, chakula hakumaliza.

Jumapili asubuhi akasema goti linamuuma, haendi misa. Wewe unajua Baba na misa. Tulitoka bila yeye. Tulipofika kanisani nikaona nimesahau shati la koro, lile la kuimbia kwaya, nyumbani, nikarudi mbio. Pale kwenye parcelle, uani kwetu, niliona miguu miwili imetokeza chini ya gari, imevaa viatu vya Baba vya Jumapili.

Alikuwa amelala juu ya katoni. Ekru alikwisha kuitoa. Kopo la grisi lilikuwa kifuani pake na kidole chake kilikuwa ndani ya tundu. Nilichuchumaa, tukaangaliana. Nilitaka kumpigia kelele kwa ajili ya jioni zangu zote, kwa ajili ya kicheko cha Mukuka, kwa ajili ya Lydie niliyemsingizia. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kusema, bado amelala vile vile, na alisema taratibu kabisa:

“Anaclet, gari ikipona, bantu bataona miye njo niko mugonjwa.”

Nilimsaidia kutoka, nikamkalisha kwenye kiti. Akanieleza yote. Jicho la kuume limekufa, Yaya. Tangu kabla ya ile nguzo ya lango lilikuwa linafifia. Baada ya yule mtu wa makala alikwenda peke yake kwa daktari wa macho, hakumwambia mtu. Daktari akamwambia hilo la kuume halitarudi, na la kushoto nalo limeanza, dawa italichelewesha tu. Yule mtu wa makala hakumwona kabisa. Alisikia kishindo. Aliniambia kila akifumba macho anasikia kile kishindo, na kwamba aliapa hatashika usukani tena. Lakini kuyasema hayo mbele ya watoto wake, mbele ya avenue nzima, kinywa kilikataa. Akaona gari ikibaki imefunguliwa, atakuwa dereva anayengoja fundi. Grisi kwenye tundu, hiyo aliijua kabla mimi sijazaliwa.

Nililia, Yaya, sikufichi. Nililia nimeshika lile shati la koro, na misa ilinipita. Nilimkumbuka kila jioni akiniambia nisiharakishe, na yeye anajua jicho linakwenda na mtoto bado hajamwona. Sikumgombeza. Na wewe nakuomba usimgombeze.

Mchana tulifunga ile rotule pamoja. Yeye alisukuma kriki, mimi nilikaza. Kisha nikaendesha hadi Kasapa na kurudi, yeye pembeni yangu, gari ikaenda imenyooka bila kuvuta popote. Baba akaniambia nipunguze mguu kwenye kona, akanikosoa gia, nikajua amepona kidogo. Lydie nimemwomba msamaha. Amenisamehe, ila amesema bawaba za mlango sasa nitazipaka mimi.

Basi tunakuja, Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Nitaendesha mimi. Baba amekubali kwa sharti moja, kwamba majirani waambiwe yeye ananifundisha njia ya Mitwaba. Nimekubali, na wewe mwambie shemeji Adrien asije akamuuliza kwa nini hakushika usukani. Mambo ya dawa za jicho tutayapanga huko tukiwa wote.

Nilipokuwa naandika hapa alinijia akauliza ni barua ya nani. Nikasema ya Yaya, na kwamba nimeandika kila kitu. Nilidhani atakasirika. Kumbe akasema nikuongezee neno hili, nami naliandika kama alivyolitamka:

“Andika vile: majina wangu banipatie ye ku kushoto. Kule njo ningali naona.”

Basi, Yaya, tukifika usitukimbilie upande wowote tu. Zunguka kwanza, umlete mtoto kwa kushoto.

Wasalimu wote wa nyumba, mbusu Kabwe mdogo kwa ajili yetu, na Bikira Maria awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Anaclet